Kozi ya mtandaoni ya kutafuta vitabu na makala: mwongozo kamili kwa mkutubi

Wiki ya kwanza ya mwaka wa masomo wanafunzi 300 hujazwa ukumbini. Mkutubi husimama na projekta, huonyesha katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba kwenye kompyuta, kwa dakika 40, hupigiwa makofi, na kila mtu huenda zake. Nimesimama mbele ya kumbi hizo miaka kadhaa. Miezi sita baadaye wanafunzi walewale huja dawatini mmoja mmoja, mada ya utafiti imeandikwa kwenye karatasi. "Shikamoo mama. Nimetafuta wiki nzima, hakuna kitu." Nageuza skrini, naandika maneno matatu, makala kumi na mbili zinatokea. Huwa naona uchungu kila mara, kwa sababu kijana huyu si mvivu, wala hakusinzia ukumbini. Alifundishwa kutafuta siku ambayo hakuwa na kitu cha kutafuta.

Kozi ya mtandaoni humngoja mtu mpaka swali lake lizaliwe, iwe saa nne usiku hosteli, au nyumbani Kasulu kwa mwalimu wa sekondari anayesoma kwa masafa kupitia Chuo Kikuu Huria. Ila ukichukua ule mhadhara wa ukumbini ukaurekodi na kuupandisha mtandaoni, hujatengeneza kozi, umehamisha ukumbi tu. Hapa nitaeleza jinsi ya kujenga kozi ambayo mtu akiimaliza ana makala mkononi. Nawafikiria zaidi wakutubi wenzangu wa vyuo vya Tanzania. Wa Kenya, Uganda na Burundi wataweza kuifuata bila kubadili mengi, maana katalogi nyingi zinaendeshwa kwa Koha, programu ya maktaba, na madarasa ya mtandaoni mengi yapo Moodle, programu ya kufundishia, huku na kule.

Hatua ya 1: Kaa dawatini na daftari

Kabla hujafungua kompyuta, nunua daftari. Kwa wiki mbili andika kila swali linaloletwa dawatini, kwa maneno yaleyale ya aliyeuliza. Usilisafishe. Mtu akisema "kompyuta inasema kitabu kipo ila rafuni hakipo", andika hivyo hivyo.

Baada ya wiki mbili panga maswali kwa mafungu. Yangu yaliangukia katika mafungu haya: kitabu kipo kwenye katalogi lakini hakionekani rafuni, nimepata ikisiri (muhtasari wa makala) tu, makala yenyewe inataka dola, nimetafuta kwa Kiswahili hakuna kitu, msimamizi anataka rejea za miaka mitano ya karibuni, nikiwa nyumbani tovuti inanikataa. Kila fungu ni somo moja. Usiongeze somo ambalo hakuna aliyeliuliza. Historia ya maktaba, muundo wa idara na ujumbe wa mkurugenzi vina mahali pake kwenye tovuti, lakini ndani ya kozi vinamchosha mtu kabla hajafika alikokuwa akienda.

Hatua ya 2: Chagua mtu mmoja, andika atakachotoka nacho

Kozi ya watu wote haimfai yeyote. Anza na kundi moja. Mimi nashauri wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaoandika pendekezo la utafiti, kwa kuwa shida yao ni ya leo na matokeo utayaona ndani ya muhula. Kisha andika sentensi moja uibandike ukutani: "Akimaliza, atakuwa na makala tano zinazohusu mada yake mwenyewe, amezipakua, na anaweza kunionyesha alivyozipata." Kila unachotaka kuweka ndani ya kozi kipimwe kwa sentensi hiyo. Kisichomsogeza mtu kwenye zile makala tano, kiache nje.

Hatua ya 3: Kagua milango yote ukiwa nje ya chuo

Hapa ndipo kozi nyingi hufa, na wenye kozi hawajui. Mkutubi anarekodi video akiwa ofisini, kila kanzidata, yaani hazina ya makala mtandaoni, inafunguka, anafurahi. Mwanafunzi anajaribu akiwa mtaani, anakutana na ukurasa wa kulipia. Sababu ni kwamba kanzidata nyingi za kulipiwa humtambua msomaji kwa anwani ya intaneti ya chuo. Ukitoka getini, hakuna anayekujua.

Chukua simu yako, zima waifai, washa bando, ondoka eneo la chuo, kisha jaribu mlango mmoja baada ya mwingine, yaani kila tovuti ya kutafutia vitabu na makala. Andika kwenye jedwali mlango unaitwaje, unahitaji nini, na kama ulifunguka. Kwa chuo cha kawaida cha Tanzania utakutana na milango ya namna hii.

Wa kwanza ni katalogi yenyewe. Koha ilitengenezwa New Zealand na kuanza kazi mwaka 2000. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, na zawadi ni kweli, maana programu haiuzwi. Kama katalogi yenu haifunguki nje ya chuo, simamisha kazi ya kozi uende kuzungumza na watu wa mifumo kwanza.

Wa pili ni kanzidata zinazolipiwa kwa pamoja. Tanzania maktaba za vyuo na taasisi za utafiti zimeungana kupitia COTUL, Kenya kuna KLISC, Uganda kuna CUUL. Muulize mratibu wenu mkataba wa mwaka huu unajumuisha nini. Orodha ya mwaka juzi iliyobandikwa mlangoni itakudanganya. Uliza pia njia ya kuingilia kutoka nje: chuo kina seva mwakilishi kama EZproxy, inayomwingiza msomaji kana kwamba yuko chuoni, au kuna akaunti ya mtu binafsi?

Wa tatu ni Research4Life, mpango wa kuzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida na vitabu vya kitaaluma, nao ni hazina ambayo wengi hawajui kwamba ni haki yao. Ndani yake kuna Hinari ya masuala ya afya, iliyoanzishwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani. AGORA ya kilimo, 2003, chini ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo. OARE ya mazingira, 2006. ARDI ya teknolojia na uvumbuzi, 2009. Na GOALI ya sheria na haki, 2018. Taasisi za nchi zilizo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, Tanzania ikiwemo, hupata bure. Na siyo vyuo peke yake: hospitali, vituo vya utafiti na ofisi za serikali vinaweza kusajiliwa. Nywila ni ya taasisi, kwa hiyo usiiandike kwenye ukurasa wa wazi. Iweke ndani ya kozi, nyuma ya akaunti ya mwanafunzi, na umweleze kwamba kupakua jarida zima kwa mkupuo kunaweza kuwafungia mlango wenzake wote.

Milango ya wazi ni rahisi: AJOL yenye majarida ya Afrika, iliyoanza 1998, DOAJ yenye majarida yasiyolipisha msomaji, iliyoanza 2003 Lund, Sweden, PubMed kwa afya, Google Scholar kwa kila kitu, na hifadhi za tasnifu za vyuo vyenyewe.

Hatua ya 4: Somo la maneno, ambalo ndilo kozi yenyewe

Kama una nguvu ya kutengeneza somo moja tu, tengeneza hili. Vitufe hubadilika kila mwaka na mtu akibofyabofya atavijua. Kisichokuja chenyewe ni ufundi wa kugeuza swali lililo kichwani kuwa maneno ambayo kanzidata inayaelewa. Kwetu ufundi huo una ngazi ya ziada ambayo mafunzo yaliyotoka Ulaya au Marekani hayaigusi: mwanafunzi wetu anafikiri kwa Kiswahili, na kanzidata imejaa Kiingereza.

Tumia mfano mmoja kozi nzima. Mimi natumia mihogo, kwa sababu kila darasa lina mtu aliyeilima au aliyeila asubuhi hiyo. Swali linasema: *Kwa nini wakulima wa Pwani hawatumii mbegu zinazostahimili michirizi kahawia?*

Mwongoze mwanafunzi avunje swali vipande. Vipande hapa ni vitatu: zao, ugonjwa, na tendo la mkulima kukubali mbegu. Mwambie achore jedwali la safu tatu kwenye karatasi, karatasi kweli, kisha ajaze kila safu kwa majina yote anayoyajua ya kitu hicho.

Zao: muhogo, mihogo. Kwa Kiingereza "cassava". Mwandishi wa Kongo au Burundi anayeandika Kifaransa atasema "manioc", neno ambalo Kiingereza nacho hulitumia. Mwanasayansi atasema "Manihot esculenta". Kila jina linafungua droo tofauti.

Ugonjwa: michirizi kahawia ni "cassava brown streak disease", na mara nyingi huandikwa kwa kifupi, CBSD. Hapa mwonye asichanganye na batobato, ambayo ni "cassava mosaic disease". Magonjwa yote mawili huenezwa na inzi weupe, kwa hiyo makala nyingi huyataja pamoja na mtu hupotea kirahisi. Mwambie pia kwamba michirizi kahawia ilielezwa kisayansi mara ya kwanza mwaka 1936 huko Amani, Tanga. Anayetafuta maandiko ya zamani kuhusu ugonjwa huo akiandika "Tanzania" atakosa mengi, kwa maana jina hilo lilizaliwa 1964. Aongeze "Tanganyika". Anayetafuta ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia ajaribu "German East Africa" na "Deutsch-Ostafrika".

Tendo: kukubali mbegu mpya. Mwanafunzi huandika "accept" akakosa, kwa sababu wataalamu wa kilimo wameshazoea neno "adoption". Atalijuaje? Hii ndiyo mbinu ninayoipenda kuliko zote, na nataka uipe dakika zake ndani ya video: mwambie atafute makala moja tu inayokaribia mada yake, hata kwa kubahatisha, kisha asome kichwa chake, ikisiri yake na maneno muhimu yaliyoorodheshwa chini ya ikisiri. Humo atayakuta maneno wanayotumia wenye fani. Ayanakili kwenye jedwali lake, arudi kutafuta upya. Mtafutaji mzuri hutafuta mara tatu au nne, na kila mara anajua zaidi kuliko mara iliyopita. Wanafunzi wetu wengi hutafuta mara moja, wakakata tamaa, wakidhani wameshindwa wao.

Sasa fundisha viunganishi. OR huunganisha majina ya kitu kimoja ndani ya safu moja, na matokeo huongezeka. AND huunganisha safu na safu, na matokeo hupungua. NOT huondoa, na mimi huwaambia waiogope, kwani huweza kuitupa makala nzuri iliyotaja lile neno mara moja tu. Waandike kwa herufi kubwa daima. PubMed inadai hivyo. Maneno yanayokwenda pamoja yafungwe kwa alama za kunukuu ili yasitawanyike. Mantiki hii imetokana na George Boole, mwanahisabati Mwingereza aliyeandika katikati ya karne ya 19. Lakini usianze na Boole. Anza na soko. Ukimtuma mtoto "lete dagaa AU perege" atarudi na chochote kati ya hivyo. Ukisema "lete dagaa NA nyanya" akakosa nyanya, kazi haijaisha.

Kisha kuna nyota (*), inayosimama badala ya mwisho wowote wa neno, na hapa Kiswahili kina habari yake. Kwa Kiingereza ukiandika "farm*" unapata "farmer", "farmers" na "farming" kwa mpigo. Mwanafunzi anaiga: anaandika "mwalimu*" akitegemea kupata na walimu. Hapati. Kiingereza hubadilika mkiani, Kiswahili hubadilika kichwani. Mwalimu huwa walimu, kitabu huwa vitabu, muhogo huwa mihogo, na nyota inakaa mwisho wa neno, mahali ambapo kwetu hakuna kinachobadilika. Anayetafuta kwa Kiswahili lazima aandike umoja na wingi vyote viwili: mwalimu OR walimu, msemo OR misemo. Jambo hili lipe zoezi lake peke yake. Wanaosoma fasihi na isimu watakushukuru, kwani tasnifu nyingi za Kiswahili zimelala kwenye hifadhi za vyuo bila kusomwa kwa sababu mtafutaji aliandika wingi na kichwa cha tasnifu kina umoja.

Majina ya watu nayo yana mtego wake. Mohamed, Mohammed, Muhammad: katalogi huyahesabu kuwa watu watatu. Na mwandishi wetu mwenye majina mawili huenda ameorodheshwa kwa jina la kwanza katika maktaba moja na kwa jina la mwisho katika nyingine. Afundishwe kuanza na kipande cha jina kisicho na utata, pamoja na neno moja la kichwa cha kitabu.

Hatua ya 5: Somo la katalogi, kutoka skrini mpaka rafuni

Koha yenyewe haina ugumu. Onyesha kisanduku cha kutafutia, onyesha namna ya kuchagua kama unatafuta kwa kichwa, mwandishi au mada, onyesha safu ya pembeni ya kupunguza matokeo. Dakika mbili zinatosha.

Pa kukaa kidogo ni kwenye mada. Vitabu vyetu vya Kiswahili vimepewa vichwa vya mada vya Kiingereza, kwa kuwa maktaba nyingi za vyuo hufuata orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Mtu akiandika "ushairi" anapata vitabu vyenye neno hilo kwenye kichwa tu, na diwani nyingi hazina. Akitafuta kwa mada "Swahili poetry" diwani zinajitokeza pamoja. Tamthilia, riwaya na methali ni hivyo hivyo. Njia rahisi ya kufundisha: apate kitabu kimoja anachokijua, afungue maelezo yake kamili, kisha abofye kichwa cha mada kilichoandikwa pale. Katalogi itamletea ndugu zake wote.

Kisha toka na kamera. Nasema hivi nikimaanisha: acha kurekodi skrini, beba simu, tembea kutoka kompyuta hadi rafuni huku ukirekodi. Kosa linalowapoteza watu ni la hesabu. Katika mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba, lugha ya Kiswahili iko 496.392 na fasihi yake 896.392. Mwanafunzi akitafuta 896.392 anakwenda baada ya 896.4, kwa sababu kwake 392 ni kubwa kuliko 4. Hizo ni desimali, husomwa tarakimu moja moja baada ya nukta: 3 inatangulia 4, basi 896.392 iko kabla ya 896.4. Mwonyeshe kwa kidole migongo ya vitabu. Maktaba yenu ikitumia mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, Kiswahili kiko PL8701 hadi PL8704, na pale namba baada ya herufi husomwa kama namba nzima kabla ya kufika kwenye nukta. Na mwambie wazi afanye nini kitabu kisipoonekana rafuni: aangalie kama kimeazimwa, aangalie kwenye meza za kusomea na toroli la kurudishia, kisha aje dawatini.

Hatua ya 6: Somo la kanzidata, na ukuta wa malipo

Chagua kanzidata moja inayofanana na fani ya kundi lako, nyingine zitaje tu. Mtu aliyeiweza moja ataiweza ya pili. Kwa mfano wetu wa mihogo, ingia AGORA.

Mfundishe atumie ukurasa wa utafutaji wa kina, ule wenye visanduku vilivyopangwa kwa mistari, kwa sababu lile jedwali la karatasi linaingia humo moja kwa moja. Mstari wa kwanza: cassava OR manioc OR "Manihot esculenta". Wa pili: "brown streak" OR CBSD. Wa tatu: adopt* OR accept*. Kati ya mistari ni AND. Matokeo yakiwa mengi mno, atafute ndani ya vichwa na ikisiri peke yake, kisha apunguze kwa mwaka. Yakiwa machache mno, afute mstari mmoja mzima, ule wenye uzito mdogo. Jina la mkoa au wilaya huwa la kwanza kufutwa. Mwanafunzi anayeng'ang'ania "Mkuranga" atadhani hakuna utafiti, kumbe upo wa Mtwara au wa pwani ya Kenya unaomfaa kabisa.

Ukuta wa malipo upe video yake. Mpe mwanafunzi utaratibu anaoweza kuukariri. Aingie kupitia ukurasa wa maktaba badala ya tovuti ya mchapishaji. Akikwama, ajaribu Research4Life. Akikwama tena, abandike kichwa cha makala Google Scholar, abofye kiungo cha matoleo mengine chini ya tokeo, maana mara nyingi mwandishi ameiweka nakala kwenye hifadhi ya chuo chake. Baada ya hapo amwandikie mwandishi barua pepe fupi ya heshima; wengi hujibu na hufurahi kwamba kuna anayesoma kazi yao. Mwisho aje kwetu. Asitoe fedha yake mfukoni kabla hajatuuliza. Nimeshamwona mwanafunzi aliyelipia makala ambayo chuo chake kilikuwa tayari kimeilipia.

Ongeza somo dogo ambalo miaka mitano iliyopita halikuhitajika. Wanafunzi sasa wanaziuliza programu za akili unde ziwape rejea, na programu hizo hutunga: mwandishi wa kweli, jarida la kweli, makala isiyokuwepo. Kinga ni kumfundisha kuhakiki. Makala nyingi za sasa zina DOI, namba ya utambulisho ya makala inayoanza na 10. Aibandike baada ya doi.org/ aone inampeleka wapi. Isipofunguka, au ikifungua makala nyingine, rejea hiyo haimfai. Majarida ya zamani ya kwetu hayana DOI, kwa hayo aende AJOL au tovuti ya jarida aangalie yaliyomo ya toleo husika. Sheria ya kozi yangu ni kwamba huwezi kuitaja makala ambayo hujaifungua kwa macho yako.

Hatua ya 7: Rekodi kwa kufikiria bando

Video moja, jambo moja, dakika tatu. OBS Studio hurekodi skrini bure, HandBrake hupunguza ukubwa wa faili bure. Kwa ubora wa 480p video ya skrini ya dakika tatu inaweza kukaa chini ya megabaiti 10. Mhadhara wa saa nzima wenye ubora wa juu hupita megabaiti 500 bila shida, na mwanafunzi anayenunua bando la siku hataufungua. Kuza maandishi ya skrini kabla ya kurekodi, kwani wengi watatazama kwenye simu. Chini ya kila video weka maelezo yaleyale kwa maandishi na picha mbili tatu: wenye mtandao dhaifu watasoma, wasiosikia watasoma, na mwenye haraka atapata anachotaka kwa sekunde kumi.

Zungumza Kiswahili. Najua lugha rasmi ya mihadhara vyuoni ni Kiingereza, na najua kuna watakaonung'unika. Mwanafunzi anayejifunza kutafuta tayari amebeba mzigo wa maneno ya kigeni ya kutafutia. Usimwongezee wa maelezo. Majina ya vitufe yataje yalivyo kwenye skrini ili ayaone.

Moodle hukuruhusu kuweka maswali katikati ya video kwa H5P, zana ya kutengenezea mazoezi iliyomo ndani yake. Yatumie kwa kiasi. Washa pia ruhusa ya kupakua masomo kwenye programu ya simu, ili mtu ayachukue kwa waifai ya chuo akayaangalie nyumbani.

Hatua ya 8: Pima kwa kazi

Swali la kuchagua A, B, C au D kuhusu maana ya katalogi halikuambii kama mtu anaweza kutafuta. Toa kazi moja ya mwisho, yenye vipande vinne: mada yake kwa sentensi moja; jedwali lake la maneno; mstari wa utafutaji aliouandika mara ya kwanza na ule wa mwisho, na kwa nini aliubadilisha; kisha rejea tano pamoja na kueleza kila moja aliipataje. Kipande cha tatu ndicho ninachokisoma kwa makini. Mtu aliyeandika "mwanzo niliweka farmers, nikaona inaleta hata mifugo, nikaongeza cassava" ameshajifunza, hata kama rejea zake mbili ni dhaifu.

Mrudishie kila mmoja neno. Sentensi mbili zinatosha: "Umesahau jina la kisayansi, liongeze mstari wa kwanza." Ukiwa na wanafunzi wengi kuliko uwezo wako, punguza idadi kwa muhula kuliko kuondoa majibu haya.

Hatua ya 9: Jaribu na watu watano, kisha mtafute mhadhiri

Kabla ya kufungua kozi, kaa na wanafunzi watano, mmoja mmoja, ukiwatazama wakiifanya. Nyamaza. Utataka kuwaelekeza, jizuie. Mahali wanaposimama zaidi ya nusu dakika ndipo palipo na kasoro yako. Tulipofanya hivyo mara ya kwanza, wanne kati ya watano walikwama kwenye kuingia Moodle kwenyewe, na sisi tulikuwa tumetumia mwezi mzima kung'arisha video.

Kisha nenda kwa mhadhiri wa mbinu za utafiti. Kozi ya maktaba inayosimama peke yake husahaulika. Mwombe ile kazi ya mwisho ihesabiwe ndani ya alama zake za muhula, hata kwa alama tano, na kozi ifunguliwe wiki ileile wanayoanza kuandika mapitio ya maandiko. Mpelekee baadaye kazi mbili nzuri azione mwenyewe.

Hatua ya 10: Tunza

Kila video iandikwe tarehe iliporekodiwa. Wiki mbili kabla ya muhula rudia lile zoezi la hatua ya tatu, simu mkononi, nje ya geti, na urekebishe vilivyovunjika: nywila iliyobadilishwa, kanzidata ambayo mkataba umeisha, ukurasa uliohamishwa. Endelea na daftari la dawatini. Swali likirudi mara tano na kozi haina jibu lake, rekodi dakika tatu nyingine. Na chini ya kila ukurasa acha namba ya simu ya dawati na saa ambazo kuna mtu wa kuipokea.